Mzigo wa Mwenzio: Kazi Zisizoandikwa za Wachungaji wa Maziwa Makuu, 1896–1977

Utangulizi

Historia ya kanisa katika nchi za Maziwa Makuu huandikwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hesabu: wangapi walibatizwa, makanisa mangapi yalijengwa, shule ngapi zilifunguliwa. Njia ya pili ni ya kifo: nani aliuawa, wapi, na kwa amri ya nani. Katika njia zote mbili mchungaji huonekana akiwa amesimama, ama mimbarini ama mbele ya bunduki. Ni mara chache tunamwona akiwa ameketi usiku na daftari, akijumlisha sadaka ambayo haitoshi. Ni mara chache pia tunamwona akingoja kwenye benchi la ofisi ya serikali pamoja na mama anayemtafuta mwanawe.

Insha hii inamtafuta mchungaji huyo wa pili. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mchungaji haikuwamo katika ahadi alizotoa siku ya kuwekewa mikono. Alitwikwa kazi hiyo na jamii ambayo, kwa wakati ule, haikuwa na mahakama ya kuaminika, wala zahanati, wala benki, wala mtu mwingine wa kumdhamini mnyonge. Kwa kuwa kazi hiyo haikuwa na jina, haikulipwa, haikuandikwa, na haikuwa na wa kumpokea pindi alipochoka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi.

Nitatumia mifano mitatu: Apolo Kivebulaya wa Mboga, Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, na Janani Luwum wa Kampala. Sikuwachagua kwa sababu walikuwa mashuhuri kwa kiwango kimoja. Nimewachagua kwa sababu makanisa yao yalikuwa ya familia moja. Luwum alipokuwa askofu mkuu mwaka 1974, cheo chake kilikuwa cha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kwa hiyo Mboga ya Kivebulaya na Nyamata ya Kanamuzeyi zote zilikuwa chini ya uangalizi wake. Mifano hii inatupa miaka themanini ya historia moja katika nchi tatu.

Mchungaji analipwa na nani?

Kabla ya kumtazama mtu mmoja mmoja, ni vizuri kuelewa jinsi wachungaji wenyeji walivyoishi. Waganda wa kwanza waliwekwa kuwa mashemasi mwaka 1893 na Askofu Alfred Tucker, na miaka mitatu baadaye wakaanza kupatikana makasisi wenyeji. Tucker alishikilia kanuni moja: fedha kutoka Uingereza zitawalipia wamisionari, lakini walimu na wachungaji wenyeji watatunzwa na waumini wenyewe. Kanuni hii ilikuwa na heshima ndani yake. Kanisa lisilojilisha, alidhani Tucker, halitakuwa kanisa la watu wake.

Lakini kanuni hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mwalimu wa kanisa alipewa kidogo, tena kwa kuchelewa, katika nchi ambamo kijana anayejua kusoma na kuandika angeweza kupata kazi ya ukarani, ya biashara au ya uchifu. Wengi walioelimishwa na kanisa walichukua njia hizo. Waliobaki walibaki wakijua walichokiacha. Na bado, walipokaa barazani na wamisionari, hawakuwa sawa nao. Tucker alipopendekeza mnamo 1897 katiba ambayo ingewaweka wazungu na Waafrika chini ya utaratibu mmoja, wamisionari wenzake walipinga, na mabishano yakaendelea hadi katiba ilipopitishwa mwaka 1909. Kwa miaka kumi na zaidi mchungaji Mwafrika aliendesha mtaa wake akijua kwamba wenzake katika huduma walikuwa bado wanabishana kama inafaa kuhesabiwa pamoja naye. Hilo nalo ni pambano, ingawa halikuacha kovu mwilini.

Mboga: mgeni asiye na mdhamini

Kivebulaya alizaliwa Buganda kama mmoja wa mapacha, naye akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Alipitia vita vya dini vya Buganda na maisha ya askari kabla ya kubatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, alibandikwa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu. Jina hili si mzaha tu. Linatuonyesha jinsi wenyeji wa magharibi walivyomwona Mganda aliyekuja na kitabu: walimwona kama mtu wa upande wa Waingereza, hata kama mfukoni hakuwa na kitu.

Mwishoni mwa 1896 alivuka kutoka Toro, akipita milima ya Ruwenzori na bonde la mto Semliki, akafika Mboga kwa mtawala Tabaro. Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wameshindwa kuvumilia njaa, kwa kuwa walinyimwa chakula. Vitabu vya ibada humweleza Tabaro kama mpagani mkali tu. Mwanahistoria lazima aulize zaidi. Tabaro alikuwa ameona jinsi Waganda na Waingereza walivyofuatana Toro. Mwalimu aliyewakataza watu pombe na ndoa za wake wengi alikuwa anagusa msingi wa utawala wake. Kumnyima chakula mgeni kama huyo ilikuwa siasa.

Kivebulaya alipigwa vibaya. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Wakati wa shughuli za kujenga, ndugu wa kike wa Tabaro aliangukia mkuki akafa, na lawama ikamwangukia mwalimu. Alikamatwa, akapelekwa Toro kwa ofisa wa Kiingereza, akawekwa kifungoni mpaka ilipoonekana kwamba hana hatia. Katika kipindi hicho cha mateso, kama alivyosimulia baadaye, alimwona Kristo akimtia moyo. Alipoachiliwa alirudi Mboga kulekule, na hatimaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Simulizi hii hupendwa sana, na ni haki ipendwe. Lakini ikiishia hapo inatuficha miaka thelathini na zaidi iliyofuata. Kivebulaya akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Shajara alizoziacha zimejaa safari, idadi ya watu na shughuli za kila siku. Alisimamia ujenzi, alifundisha kusoma, aliwatafutia walimu wake mahitaji, aliwalea vijana nyumbani kwake, na kuanzia miaka ya 1920 aliingia msituni kwa Wambuti na kushughulikia kuandika lugha yao. Haya yote aliyafanya bila mke wala watoto wa kuzaa. Katika jamii ambamo mwanaume asiye na mke hahesabiwi kuwa mtu mzima kamili, upweke huo haukuwa jambo dogo. Kila jioni mchungaji aliyewafungisha wengine ndoa alirudi kwenye nyumba ambayo, kwa macho ya majirani, haikuwa na mwenyewe.

Zaidi ya hayo, mipaka ilihama akiwa kazini. Mboga ilikuwa imehesabiwa upande wa Waingereza, lakini makubaliano ya 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaliiweka upande wa Kongo. Mtaa wake sasa ulikuwa katika koloni la Kibelgiji, ambamo kanisa lenye nguvu lilikuwa la Kikatoliki, na yeye alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyetumwa kutoka nchi nyingine. Hakuna mtu aliyemfundisha kuwa balozi, lakini kila barua ya kuombea ruhusa na kila mkutano na ofisa wa Kibelgiji vilimtaka awe balozi. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, wala si upande wa kwao Buganda. Wengi husoma ombi hilo kama ishara ya kuendeleza Injili mbele. Nadhani pia ni kauli ya mtu aliyekuwa mgeni kwa miaka mingi na ambaye aliamua, mwisho wake, ni wapi pa kuitwa kwao.

Uamsho na tatizo la siri

Katika miaka ya 1930 ulianza uamsho ambao makao yake ya mwanzo yalikuwa Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa, walitaka kila mtu atembee nuruni: aungame dhambi zake waziwazi mbele ya ndugu, asifiche kitu. Kanamuzeyi na Luwum wote wawili walikuwa watu wa uamsho huu.

Uamsho uliwapa wachungaji zawadi kubwa. Kwa mara ya kwanza mchungaji alikuwa na kundi la ndugu ambao mbele yao angeweza kukiri kwamba amekasirika, ameogopa au amegombana na mkewe. Lakini hapa kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijaangaliwa vya kutosha. Mchungaji anaweza kuungama dhambi yake, lakini hawezi kuungama siri ya mwingine. Mtu anapomweleza mahali alipojificha mumewe, habari hiyo si ya mchungaji kuitoa hadharani, hata kwa ndugu wa uamsho. Kadiri siasa za Rwanda na Uganda zilivyozidi kuwa kali, ndivyo mchungaji alivyobeba mambo mengi asiyoweza kuyaleta nuruni. Imani yake ilimtaka aseme yote. Kazi yake ilimtaka anyamaze. Mvutano huo ndio kiini cha mifano miwili inayofuata.

Nyamata: daftari na daraja

Baada ya machafuko ya Novemba 1959, Watutsi wengi walifukuzwa makwao kaskazini mwa Rwanda wakapelekwa Bugesera, nchi kavu yenye mbung'o, iliyokuwa na watu wachache. Nyamata ikawa makao ya watu waliopoteza mashamba, ng'ombe na majirani. Mchungaji aliyepewa kazi huko alikuwa Yona Kanamuzeyi, aliyesimamia makanisa mengi madogo ya vijijini.

Tujiulize kazi hiyo ilikuwa nini hasa. Kuhubiri Jumapili kulichukua saa chache. Siku zilizobaki zilikuwa za watu wasio na kitu: huyu hana chakula, yule mtoto wake anaumwa, mwingine anataka kupeleka habari kwa ndugu aliyekimbilia Burundi. Mchungaji aliaminiwa na wakimbizi kwa sababu aliwasikiliza, na kwa sababu hiyohiyo alitiliwa shaka na watawala. Katika hali kama hiyo, kugawa chakula tu kunaweza kusomwa kama uasi.

Mwezi Desemba 1963 wapiganaji waliokuwa uhamishoni Burundi waliingia Rwanda kupitia Bugesera, wakazuiwa kabla ya kufika Kigali. Kisasi kilichofuata kiliua maelfu ya Watutsi katika sehemu mbalimbali za nchi. Kanamuzeyi alikuwa na nafasi ya kuondoka, kwa kuwa Burundi haikuwa mbali. Hakuondoka. Tarehe 23 Januari 1964 askari walimchukua pamoja na wenzake. Mmoja wa wenzake alinusurika, na ushuhuda wake ndio unaotueleza yaliyotokea usiku ule.

Kwa mujibu wa ushuhuda huo, Kanamuzeyi aliomba aandike katika shajara yake. Pamoja na maneno ya imani, alishughulikia suala la fedha alizokuwa nazo, zikiwamo za kanisa, akaomba zifikishwe kwa mkewe pamoja na shajara. Kisha akapelekwa darajani, akapigwa risasi, na mwili wake ukatupwa mtoni.

Wahubiri hupenda kusimulia jinsi alivyokwenda kufa kwa utulivu. Mimi nimesimama zaidi kwenye zile fedha. Mtu aliyebakiwa na dakika chache alizitumia kuhakikisha kwamba hesabu ya waumini haipotei pamoja naye. Fedha hizo zilikuwa sadaka ya watu waliofukuzwa makwao, na zingepotea, aibu ingebaki kwa mkewe. Kitendo hicho kidogo kinatueleza kazi yake ya miaka yote kuliko hotuba yoyote. Alikuwa mweka hazina wa watu maskini, na alikabidhi ofisi kama mtu anayestaafu.

Kampala: kati ya ikulu na benchi la wanaongoja

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu kabla ya kuokoka mwaka 1948, akawa askofu wa Northern Uganda mwaka 1969, na askofu mkuu mwaka 1974, miaka mitatu baada ya Idi Amin kutwaa madaraka. Waacholi na Walango jeshini walikuwa wameuawa kwa wingi tangu 1971. Mwaka 1972 Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa nchi, alikamatwa akiwa mahakamani na hakuonekana tena. Jaji Mkuu anapopotea hivyo, mwananchi wa kawaida atapeleka wapi malalamiko yake?

Wengi waliyapeleka kwa viongozi wa dini. Luwum alikwenda mwenyewe katika ofisi za idara ya usalama, iliyojificha chini ya jina la Idara ya Utafiti ya Serikali, kuwaulizia watu waliokamatwa. Kazi hii ilimtaka awe na uhusiano na watu walewale waliowakamata. Alihudhuria sherehe za serikali, alisalimiana na wakubwa, aliongea na Amin. Ndiyo maana walikuwepo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na utawala. Hakuwa na namna ya kujitetea hadharani. Angesema amekwenda kumwombea nani, angeuhatarisha uhai wa huyo anayemwombea.

Hapa ndipo uchungu wa kazi yake ulipo. Muumini aliyemwona kwenye picha akiwa na Amin alimwona mtu aliyenunuliwa. Mama aliyerudishiwa mwanawe hakuweza kusema ni nani aliyemsaidia. Sifa zilifichwa kwa lazima, na lawama zikatembea barabarani.

Mwanzoni mwa Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Amin barua ya kupinga vitendo hivyo na mauaji ya raia. Yale yaliyokuwa yakisemwa mlango umefungwa sasa yaliandikwa na kutiwa sahihi. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Kaburi lililoandaliwa kwa ajili yake Namirembe lilibaki tupu, kwa kuwa maiti ilipelekwa Mucwini kuzikwa. Leo tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko nchini Uganda, lakini miaka mitatu ya kungoja katika korido za ofisi haina sikukuu.

Upande wa giza

Itakuwa makosa kumaliza hapa na kusema kwamba wachungaji ni watu wema waliobeba mizigo. Nafasi ya mchungaji kama kimbilio ni nafasi ya madaraka, na madaraka hayo yanaweza kugeuzwa. Rwanda, mwezi Aprili 1994, maelfu walikimbilia makanisani, pamoja na kanisa Katoliki la Nyamata, kwa sababu tangu zamani waliamini kwamba hapo hawataguswa. Waliuawa humohumo. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003 Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kiadventista, kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Watu waliokuwa wamejihifadhi Mugonero walikuwa wamemwandikia barua kuomba awaombee kwa wenye mamlaka, yaani walimwomba afanye kazi ileile ambayo Kanamuzeyi na Luwum waliifanya bila kuamriwa.

Mfano huu hauharibu hoja yangu, unaikaza. Kwa kuwa kazi hiyo haikuandikwa popote, hakukuwa na wa kumkagua anayeifanya wala wa kumsuta anayeikataa. Jamii iliweka maisha yake mikononi mwa dhamiri ya mtu mmoja. Ilipokuwa dhamiri njema, watu walipona. Ilipokuwa mbovu, hakuna daftari lililopiga kengele.

Hitimisho

Katika mifano hii tumeona mambo matatu. Kwanza, kazi zilizofichika za mchungaji ziliongezeka pale taasisi nyingine zilipopungua: Mboga hapakuwa na shule, Nyamata hapakuwa na haki ya mkimbizi, na Kampala hapakuwa na mahakama. Pili, gharama ya kazi hizo ililipwa na mwili wa mchungaji, na nyumba yake, na jina lake. Tatu, kimya kilikuwa sehemu ya kazi yenyewe, na ndiyo sababu kumbukumbu rasmi hazikukiona.

Kwa wanafunzi wenzangu wa historia, hili lina maana katika jinsi tunavyotafuta ushahidi. Tusiishie kwenye rejista za ubatizo na hotuba za maaskofu. Tutafute madaftari ya sadaka, barua za maombi kwa wakuu wa wilaya, shajara zenye maandishi mafupi, na zaidi ya yote, wajane na watoto wa wachungaji walio hai bado. Wao ndio waliofungua mlango usiku ulipobishwa, wakapika chai kwa wageni ambao majina yao hawakuruhusiwa kuyauliza. Wengi wao sasa ni wazee. Tusipowauliza katika miaka hii, sehemu hiyo ya historia ya Maziwa Makuu itazikwa pamoja nao, nasi tutabaki tukiuita mzigo wao usufi.